Mgongo ukikukamata, kulala wiki nzima sio dawa

Hapa Moshi mtu akilalamika mgongo tu utasikia "we lala, usinyanyuke mpaka upone", na kwa mama anayeuza ndizi pale Mbuyuni hiyo maana yake ni siku haijaingia hata mia. Ushauri wenyewe ni wa zamani kweli, hata madaktari walikuwa wanautoa, ila siku hizi wameuacha kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, maana ukilala siku nyingi misuli inalegea, mgongo unakakamaa na ukija kuinuka unauma kuliko mwanzo. Siku moja mbili za kupumzika sawa, halafu anza kutembea kidogo kidogo. Mkungu mzima usiutwishe kichwani, gawa safari mbili, usikalie ndoo kutwa nzima, simama simama, na jioni chupa ya maji ya moto uifunge na kanga uegemee, hiyo bei yake ni mkaa tu. Dawa za maumivu za diklofenaki za kila siku (tunazimeza kama karanga jamani) zinaweza kukutoboa tumbo na kuumiza figo. Ila miguu ikifa ganzi, au mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, hapo ni hospitali siku hiyohiyo.