Platinamu juu ya kaboni: kufanya kazi vizuri ni jambo moja, kudumu ni lingine

Watu wakisikia gari la haidrojeni wanauliza tangi tu, wakati kazi yenyewe iko kwenye tabaka jeusi ndani ya seli ya mafuta, kile kifaa kinachotengeneza umeme kwa haidrojeni na oksijeni. Weusi ule ni kaboni, unga laini kama masizi ya kibatari, na juu yake zimeshikizwa chembe za platinamu zenye upana wa nanomita 2 mpaka 5 hivi. Hizo ndo kichocheo, zinaisaidia oksijeni ipokee elektroni na protoni iwe maji. Haidrojeni haina shida, oksijeni ndo mkaidi.

Sasa kwa nini ziwe ndogo hivyo? Chukua gramu 1 ya platinamu, ifanye kama dadu, kila upande unatoka kama milimita 3.6 na uso wake wote haufiki hata sentimita mraba 1. Gramu hiyohiyo ukiigawa iwe vitufe vya nanomita 3 unapata karibu mita mraba 90, yaani nyumba nzima ya familia! Na kazi inafanyika usoni tu, atomi iliyofukiwa ndani umeilipia bure. Kwa hiyo utendaji tunaupima kwa ampea kwa kila miligramu ya platinamu, Wizara ya Nishati ya Marekani iliweka lengo la 0.44 kwenye volti 0.9. Kipo pia kipimo cha ampea kwa kila sentimita mraba ya uso, usivichanganye, maana chembe ikishuka chini ya nanomita 2 uso unaongezeka lakini kila kipande cha uso kinakuwa mvivu, oksijeni inaganda kwenye kona za chembe haitaki kuachia.

Uimara ndo unaoniumiza kichwa, kwa sababu udogo uleule unaoleta kazi ndo unaoleta kifo. Angalia mafuta juu ya mchuzi, vitone vidogo havikai, vinaungana vinakuwa kimoja kikubwa. Platinamu nayo hivyohivyo, chembe zinateleza zinagongana, au atomi zinayeyuka kutoka kwenye chembe ndogo zinaenda kujijenga kwenye kubwa, hasa volti ikipanda na kushuka kila ukikanyaga na kuachia mafuta. Ndo maana kipimo cha kawaida ni mizunguko 30,000 na utendaji usipungue zaidi ya asilimia 40.

Halafu kuna kaboni yenyewe, ambayo wengi wanaisahau. Nayo inaoksidika, inaondoka kama kaboni dioksaidi. Kwenye volti za kawaida inaenda taratibu sana, ila ukiwasha gari lililolala na hewa imeingia upande wa haidrojeni, upande wa pili unaweza kuruka mpaka volti 1.5 hivi, na hapo kaboni inaliwa kwelikweli. Chembe ikikosa pa kushika haina tena njia ya elektroni, ipo lakini haifanyi kitu.

Ukiichoma kaboni kwa joto kali ikaelekea kuwa grafaiti inakuwa ngumu kuliwa, lakini uso wake unakuwa laini mno na chembe hazipati pa kujishikiza. Ukichanganya platinamu na kobalti, kama walivyofanya Toyota kwenye Mirai, utendaji unapanda vizuri tu, ila kobalti nayo inavuja kidogokidogo, inaingia kwenye utando unaopitisha protoni na kukaa kwenye nafasi za protoni.