Kwa nini mafuta ya mgando yanafanya kazi nyingi hivi?

Kiangazi cha Mwanza, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, kinakausha watu balaa: midomo inachanika, miguu inapauka, magaga ndo usiseme, halafu mtu anakimbilia losheni za bei mbaya wakati kikopo cha mafuta ya mgando kipo duka la dawa la mtaani, Igoma kipo, Kirumba kipo, na bei yake kila mtu anaimudu.

Ujue hivi, mafuta haya hayaongezi maji kwenye ngozi hata tone, kazi yake ni kuzuia yaliyomo yasitoke. Yanakaa juu kama mfuniko wa sufuria na yanaweza kupunguza maji yanayopotea kwa hadi asilimia 98, ndo maana ukijipaka ukiwa mkavu saa tano tu ushapauka tena, ila ukitoka kuoga ukajifuta kidogo ukapaka ngozi ikiwa bado na unyevu unashinda laini mpaka jioni.

Waliogundua walikuwa wafanyakazi wa visima vya mafuta kule Titusville, Marekani, walikuwa wanajipaka kwenye michubuko ule utando mzito unaoganda kwenye mitambo. Mkemia Robert Chesebrough akafika 1859, akauona, akausafisha, na 1872 akapata hataza ya Vaseline.

Sasa magaga, maana haya yanatesa kweli mama zetu wanaosimama sokoni kutwa nzima na ndala. Usiku loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, sugua taratibu na jiwe la kusugulia, usikwangue na wembe jamani, jifute, paka mengi, vaa soksi za pamba ulale, na usitegemee usiku mmoja, endelea tu kila siku.

Ukipaka nywele rangi au piko, zungushia kwanza kwenye paji la uso na masikio, rangi haitashika ngozi. Wanja na maskara vinatoka vizuri tu nayo, nyusi zinalala, na pafyumu ukiipulizia juu ya mafuta kidogo harufu inakaa zaidi.

Ila kuna mambo muhimu. Ukiungua moto usipake palepale, yanafungia joto ndani, tia maji ya bomba dakika 20 kwanza. Kwenye kondomu usiguse kabisa, mpira unalegea na kupasuka. Mwenye chunusi nyingi usoni aende nayo taratibu. Na hayakingi jua, narudia, hayakingi jua, kwahiyo ndugu zetu wenye ualbino na huku Kanda ya Ziwa tunao wengi tu, msiwapake haya mkadhani mmewakinga, wanahitaji losheni ya kuzuia jua, kofia pana na nguo za mikono mirefu.