"Kinashusha Mafuta Kwenye Damu": Mafuta Yapi?

Muuzaji wa virutubisho akikuambia kopo lake linashusha mafuta kwenye damu, muulize kwanza: mafuta yapi? Yako ya aina zaidi ya moja. Kuna lehemu, yaani kolesteroli, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa na ini lako mwenyewe. Kuna trigliseridi, mafuta ya akiba, ambayo hupanda mtu akizidisha sukari, pombe au chakula. Lehemu haiyeyuki kwenye damu, kwa hiyo husafiri ndani ya vifurushi. Vile vya LDL vikizidi hupenya kwenye kuta za mishipa na kuiziba polepole, mpaka siku ya shambulio la moyo au kiharusi. Vile vya HDL huirudisha kwenye ini lehemu iliyozidi. Katika majibu ya maabara kila kimoja kina namba yake, na kirutubisho kinachoshusha namba moja chaweza kuiacha nyingine palepale.

Mafuta ya samaki ndiyo mfano wa wazi. Omega-3, aina ya mafuta yaliyomo ndani yake, ikifika gramu 4 hivi kwa siku hushusha trigliseridi kwa asilimia 20 hadi 30. LDL haiishushi, kwa baadhi ya watu huipandisha kidogo. Halafu kidonge cha kawaida cha miligramu 1000 mara nyingi kina miligramu 300 tu za omega-3 aina ya EPA na DHA. Kufikisha gramu 4 ungemeza vidonge zaidi ya 13 kwa siku, jambo ambalo usijaribu bila daktari, maana dozi kubwa huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, kama za shayiri au isabgol (maganda ya mbegu za psyllium), zina njia yake. Tumboni huvimba na kuinasa nyongo, kisha hutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni lehemu, hivyo huvuta LDL kutoka kwenye damu. LDL hushuka kidogo tu, asilimia 5 hadi 10 hivi, lakini hushuka kweli.

Kinachonitia hofu zaidi ni vidonge vya mchele mwekundu uliochachushwa, vinavyouzwa kama tiba ya asili isiyo na kemikali. Ndani yake mna monakolini K, ambayo kikemia ni kitu kilekile kinachoitwa lovastatini, dawa ya kushusha lehemu ya kundi la statini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kidonge hicho kikifanya kazi, ni kwa sababu ni dawa. Maumivu ya misuli na madhara ya ini yanayoweza kuletwa na dawa hiyo yanaweza kuja hapa pia, tofauti ni kwamba kiasi kilichomo hubadilika sana kutoka kopo hadi kopo. Baadhi ya makopo yamekutwa na sitrinini, sumu ya figo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliamuru monakolini katika virutubisho ziwe chini ya miligramu 3 kwa siku.

Mwaka huohuo watafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima watu wazima 190 kwa siku 28. Baadhi walipewa rosuvastatini, statini nyingine, ya miligramu 5, dozi ndogo. Wengine mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli za mimea (mafuta ya mimea yanayofanana na lehemu) au mchele mwekundu. Na wengine kidonge kisicho na dawa. Rosuvastatini ilishusha LDL kwa karibu asilimia 38. Katika vile sita, hakuna kilichokishinda kidonge kitupu, na waliopewa kitunguu saumu LDL yao ilipanda. Ni kweli siku 28 ni chache, ila dawa ilifanya kazi yake katika siku hizohizo.

Kama umeandikiwa statini na unameza kirutubisho pembeni, nenda na kopo lenyewe kliniki. Mchele mwekundu juu ya statini ni kuongeza dozi bila anayekutibu kujua.