Uzingativu wa Wabuddha haukuumbwa kwa ajili ya pangoni: dhana potofu na ukweli

"Ni kukaa kimya umekunja miguu."

Picha hiyo ya uzingativu, yaani kuwa na akili palepale kwenye jambo unalolifanya, imetufikia kupitia matangazo ya biashara, na inawakatisha tamaa watu ambao wangefaidika sana: mama wa watoto wadogo, muuguzi wa zamu ya usiku. Kukaa kimya ni sehemu ya mazoezi, lakini ni sehemu tu. Satipatthana Sutta, hotuba ya Buddha ambayo Wabuddha wa madhehebu ya Theravada wanaitegemea kuliko zote katika jambo hili, inataja kutembea, kusimama, kukaa na kulala. Kukunja mkono na kuunyoosha. Kuvaa, kula, kunywa, hata kwenda haja ndogo na kubwa. Yote hayo mtu ayafanye akijua kwamba anayafanya. Anayeosha vyombo akasikia uvuguvugu wa maji na utelezi wa sabuni, na kuyarudisha mawazo kila yanapokimbilia deni la kesho, tayari yumo mazoezini.

"Lazima uondoe mawazo yote kichwani."

Hapana. Hotuba hiyohiyo inasema mwenye hasira ajue kwamba ana hasira. Hakuambiwa aifukuze wala aifiche. Aitambue mapema, kabla haijashika ulimi. Mawazo yakitangatanga mara mia, kuyarudisha mara mia ndiyo kazi yenyewe. Ila niseme hili kwa uzito: mwenye sonona au majeraha makubwa ya moyo anaweza kuumia zaidi akikaa muda mrefu peke yake na mawazo yake. Aanze kidogo, awe karibu na mtu mzoefu, na asiache matibabu.

"Ni njia ya kukimbia shida za dunia."

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inawadhulumu watu waliolipa kwa damu. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Zen, moja ya madhehebu ya Kibuddha, aliyezaliwa Hue, Vietnam, mwaka 1926, alikuta nchi yake imo vitani. Watawa walikuwa na swali gumu: wabaki hekaluni wakitafakari, au watoke wakawasaidie wanaopigwa mabomu? Yeye na wenzake wakaamua kufanya yote mawili. Katikati ya miaka ya 1960 walianzisha shule ya vijana wa kujitolea, waliokwenda vijijini kufundisha watoto, kutibu wagonjwa na kujenga nyumba. Kijiji cha Tra Loc, karibu na mpaka uliotenganisha Kaskazini na Kusini, kilibomolewa kwa mabomu, wakakijenga. Kikabomolewa tena, wakajenga tena. Baadhi ya vijana hao waliuawa.

Anayejenga nyumba ileile kwa mara nyingine anahitaji kitu cha kumzuia asimezwe na chuki. Kwao kitu hicho kilikuwa pumzi, hatua za polepole na wenzao wa kukaa nao siku zilipokuwa ngumu. Mwaka 1966 Thich Nhat Hanh alikwenda Marekani kuomba amani, akazuiwa kurudi kwao hadi mwaka 2005. Mwaka 1967 Martin Luther King alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Huyo si mtu aliyeikimbia dunia.

"Ukifanya hivyo umebadili dini."

Kuanzia mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi Mmarekani, aliwafundisha uzingativu wagonjwa wenye maumivu sugu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa programu ya wiki kadhaa, bila kumtaka yeyote awe Mbuddha. Thich Nhat Hanh naye aliwasihi wageni wasitupe mizizi ya dini zao. Hata hivyo, mazoezi haya yana shina: kutoua, kutoiba, kutofanya zinaa, kutosema uongo, kutotumia vileo. Kuyakata kutoka kwenye shina hilo yakabaki mbinu ya kumwongezea mfanyakazi uvumilivu ili abebe mzigo usiobebeka, hilo silikubali.

"Ni mambo ya Wazungu."

Dar es Salaam, pale Upanga, hekalu la Kibuddha lilianzishwa na jamii ya Wasinhala, watu wa Sri Lanka, mwanzoni mwa karne iliyopita. Uganda ina kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita.

"Ni safari ya mtu mmoja."

Wabuddha wanatafuta kimbilio katika vitu vitatu: Buddha, mafundisho yake, na jumuiya. Jumuiya haikuongezwa kama pambo. Plum Village, makazi ambayo Thich Nhat Hanh na mtawa Chan Khong walianzisha mwaka 1982 kusini-magharibi mwa Ufaransa, yanaonyesha inavyofanya kazi. Kengele inapolia, aliyekuwa anakata karoti anaacha kisu, aliyekuwa anasimulia anakatiza neno, wote wanavuta pumzi mara tatu, kisha kazi inaendelea. Hakuna anayehitaji kumkumbusha mwenzake kwa kumkaripia.

Wana pia kikao cha kuanza upya. Wanakaa duara, chombo cha maua katikati. Anayetaka kusema anayaleta maua mbele yake, na yakiwa hapo hakuna wa kumkatiza. Anaanza kwa kutaja mema aliyoyaona kwa wenzake, ndipo anakiri alipokosea, na mwisho kabisa anaeleza kilichomuumiza. Familia inaweza kuanza na hatua ile ya kwanza tu, jioni moja kwa wiki, baada ya chakula. Malalamiko yangoje hadi watu wazoee kusikilizana bila kukatizana.