Je, wajua kwa nini Atlanta hupungukiwa maji ilhali mvua yake inaizidi ya London?

Novemba 2007, Sonny Perdue, gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani, aliongoza sala ya kuomba mvua nje ya jengo la bunge la jimbo mjini Atlanta. Mwezi uliofuata Ziwa Lanier, bwawa ambalo mamilioni ya watu wa eneo hilo hulitegemea, lilikuwa limeshuka takriban mita 6.

Anayesikia habari hizo hudhani Atlanta iko nusu jangwani. Sivyo kabisa. Kwa mwaka hupata mvua ya takriban milimita 1,250, London ikipata kama 600 tu. Hata Seattle, jiji linalosifika kwa manyunyu, haifiki hapo. Tena mvua ya Atlanta haina msimu mmoja. Hunyesha karibu kila mwezi. Kweli, mwaka 2007 mvua ilikuwa chache, lakini hilo halielezi kwa nini mwaka mmoja au miwili mibaya inatosha kulitia jiji zima hofu.

Jibu liko kwenye mahali jiji lilipojengwa. Atlanta ilianza 1837 kama kituo cha mwisho wa reli, na reli ilifuata mgongo wa ardhi. Mgongo huo hugawa maji: tone likianguka upande mmoja huelekea Ghuba ya Meksiko kwa mto Chattahoochee, upande wa pili huelekea Atlantiki. Chini ya udongo mwekundu kuna mwamba mgumu wa aina ya graniti, ambao huhifadhi maji kwenye nyufa tu. Kusini mwa jimbo hilohilo kuna tabaka nene la mawe ya chokaa lililojaa maji, na watu huchimba visima. Atlanta haina bahati hiyo.

Kwa hiyo hutegemea mto Chattahoochee, na bwawa la mto huo, Lanier, liko juu, kaskazini-mashariki mwa jiji. Ni sawa na mtu aliyeweka tangi kilimani, kisha mvua ikapiga paa la nyumba yake bondeni: hata inyeshe usiku kucha, tangi haliongezeki. Lanier hujazwa na mvua ya eneo la kilomita za mraba 2,700 hivi tu, kwenye vilima vya kaskazini.

Tazama kijito cha Peachtree, kinachopokea maji ya mitaa mingi ya Atlanta. Huingia Chattahoochee chini kidogo ya mahali jiji linapochota maji yake, kwa hiyo mvua iliyoloanisha mitaa hiyo inalipita bomba. Vipo vijito vya vitongoji vinavyoingia mtoni kabla maji hayajafika kwenye bomba, na hivyo husaidia.

Lami nayo huongeza tatizo. Milimita 25 za mvua juu ya hekta moja ni lita 250,000. Penye msitu, sehemu kubwa huzama na kuvuja polepole hadi kijitoni wiki za kiangazi. Penye maegesho ya magari, hukimbilia mtaroni mara moja. Ndiyo maana kijito kilekile hufurika leo, na baada ya wiki kadhaa za jua huwa kimepungua kuliko zamani.

Mwaka 2020 jiji lilimaliza kugeuza machimbo ya zamani ya mawe ya Bellwood kuwa hifadhi ya lita bilioni 9 hivi, akiba ya takriban mwezi mmoja. Nayo hujazwa kwa kusukuma maji kutoka Chattahoochee.