Gari linalopiga shoti: kabla hujachomeka karavani kwenye umeme wa nyumbani

"Fundi, hili gari linaniuma."

Ndivyo alivyoanza mama mmoja wa Kigamboni aliponipigia simu, masika yakiwa yameanza. Kijana wake alikuwa amerudi na karavani, yaani gari la kulala ndani, kutoka Afrika Kusini, akaiegesha uani, akavuta ekstensheni kutoka soketi ya barazani. Taa zikawaka, friji likapoza. Lakini kila mama alipokwenda kufagia humo ndani, akishika kitasa cha mlango huku yuko peku kwenye mchanga uliolowa, mkono ulimsisimka mpaka kwenye kiwiko. Kijana, ambaye hakuwahi kuvua raba zake, hakuhisi kitu.

Nikamwambia, "Mama, usiliguse tena. Mwambie azime mein swichi ya nyumba kwanza, ndipo achomoe." Nikapanda pantoni.

Nyuma ya nyumba ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayoshusha ardhini umeme uliovuja, ilikuwepo, imesimama vizuri kabisa, ila waya wake ulikuwa umekatwa. Shaba inalipa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mwizi wa shaba hahitaji hata kuruka ukuta mrefu. Kwa hiyo soketi zote za nyumba ile zilikuwa na matundu matatu, nyaya za ethi za kijani na njano zimefungwa nyuma yake sawasawa, lakini zote ziliishia hewani. Watu walikuwa wakiishi hivyo bila kujua, kwa sababu ndani kuna vigae na kila mtu ana ndala. Karavani ndiyo iliyofichua.

Naomba tulielewe hili vizuri, maana wengi huniambia kwamba gari liko juu ya matairi, mpira haupitishi umeme, basi wako salama. Ni kinyume chake. Mpira unauzuia umeme usishuke ardhini, kwa hiyo unabaki kwenye bodi ukisubiri njia, na njia hiyo ni wewe uliyesimama chini na mkono kwenye kitasa. Ndani ya chaja ya betri mna kapasita ndogo za kuchuja umeme, moja kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na bodi, nyingine kati ya nyutro (waya unaourudisha) na bodi. Ethi ikiwepo, kinachopenya hapo kinashuka ardhini kimya kimya. Isipokuwepo, bodi lote linaelea kwenye karibu nusu ya umeme wetu wa volti 230, yaani kama 115. Mkondo wake ni mdogo sana, mara nyingi haufiki hata miliampia moja, ndiyo maana mama yule alisisimka tu. Ila ule msisimko ulikuwa taarifa: siku waya wa laivu utakapochubuka na kugusa bati, bodi litakuwa na volti 230 kamili na hakuna kitakachozima.

Sasa, kurudisha waya wa rodi peke yake hakutoshi. Ardhi ya pwani ni mchanga, na mchanga ukikauka, rodi moja kusoma ukinzani wa ohmu 100 si ajabu. Gawa 230 kwa 100, unapata ampia 2.3. Breka ya ampia 16 haitashtuka kwa mkondo huo hata ukipita mwaka mzima. Breka imewekwa ili waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili yako. Kinachohitajika ni RCD ya miliampia 30, swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ikiona kiasi hicho kimepotea njiani, inakata ndani ya milisekunde 300, yaani chini ya theluthi ya sekunde, na hitilafu ikiwa kubwa inakata haraka zaidi ya hapo. Ukiwa na RCD bila ethi, itasubiri mpaka mtu aguse gari ndipo ione kuna kilichopotea. Ukiwa na ethi bila RCD, umeiona hesabu ya mchanga. Mimi sichomeki karavani ya mtu mpaka nimeviona vyote viwili vinafanya kazi.

Na usipime ethi kwa mita ya kawaida ukaridhika. Mita ya dijitali huvuta mkondo mdogo mno, hivyo hata ethi mbovu ya ohmu elfu moja itakuonyesha volti 230 kati ya laivu na ethi, ukadhani mambo ni safi. Kuna kipimo maalumu cha ethi. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA na umwambie aje nacho.

Tuje kwenye waya. Ekstensheni ya kijana yule ilikuwa ile nyembamba ya kuchajia simu na kuwashia feni, waya wa unene wa milimita za mraba 0.75. Ukivuta ampia 13 kwa mita 25 za waya huo, unapoteza kama volti 20 njiani, na hizo zinageuka joto la wati zaidi ya 250 lililotandazwa uani kwako. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto linakusanyika katikati na plastiki inayeyuka. Tumia waya wa 2.5 wenye ganda la mpira mzito, usizidi mita 25, na uukunjue wote hata kama gari liko hatua tano tu kutoka ukutani. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, yaani kama wati 3,000. Birika la wati 2,000 na kiyoyozi cha wati 1,000 vikiwashwa pamoja vimeshaimaliza, na hapo friji halijahesabiwa.

Kabla ya yote hayo, soma kibao kilicho karibu na tundu la kuingizia umeme kwenye gari. Karavani za Afrika Kusini na nyingi za Ulaya zina tundu la bluu la pini tatu, ampia 16, volti 230; hizo zinapatana na umeme wetu. Lakini bandarini kwetu hushuka magari mengi yaliyotumika Japani, na Hiace iliyotengenezwa kwa kulala ndani kwa soko la kule ina mfumo wa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja, utaunguza chaja na kila kilichomo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi jumla ya wati za vifaa. Za Marekani ni volti 120 na hertz 60, nazo usizijaribu kwa plagi ya kubadilishia umbo.

Kwa mama wa Kigamboni nilipiga rodi mpya, waya wake nikaupitisha ndani ya bomba lililofukiwa. Kutoka kwenye mein swichi nikavuta laini yake yenyewe, yenye breka ya ampia 16 na RCD, mpaka kwenye soketi ya bluu yenye mfuniko, ukutani, juu ya usawa wa maji ya mvua kuruka. Kijana nikamwelekeza: zima swichi kuu ya karavani, chomeka upande wa gari kwanza, kisha ukutani, ndipo uwashe. Kuondoka ni kinyume chake, ukuta unaanza, ili usibaki na plagi yenye umeme mkononi. Akaniuliza kama umeme ukikatika anaweza kutumia inveta ya karavani, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, kuwasha nyumba, kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili. Nilimkatalia pale pale. Pini za waya huo zinakuwa na umeme nje nje, na usipozima mein swichi unarudisha umeme kwenye nguzo ambayo fundi wa TANESCO anaweza kuwa ameipanda.

RCD ina kitufe cha kujaribia. Chumvi ya bahari hula vyuma vidogo na kuvifanya vikwame, kwa hiyo nilimwomba mama akibonyeze kila mwezi. Anakibonyeza kila anaponunua umeme wa LUKU, na kikikata hunipigia kunijulisha.