Je, wajua kwa nini bastola halali Philadelphia ni kosa la jinai ng'ambo ya mto?

Philadelphia na Camden ni miji ya Marekani inayotazamana, katikati ukipita mto Delaware. Daraja la Benjamin Franklin unalimaliza kwa gari kabla wimbo redioni haujaisha. Huku ni jimbo la Pennsylvania, kule ni New Jersey, na kwa mwenye bastola kiunoni dakika hizo chache zinaweza kuzaa miaka jela.

Oktoba 2013, mama mmoja wa Philadelphia mwenye watoto wawili alisimamishwa na polisi New Jersey kwa kuhama njia vibaya barabarani. Alikuwa ameshaporwa mara mbili, ndipo akanunua bastola na kuchukua kibali cha Pennsylvania. Akamwambia askari mwenyewe kwamba anayo, na kibali anacho. Akatiwa pingu. New Jersey haikitambui kibali kile, na kubeba bastola bila kibali chao ni kifungo cha miaka 5 hadi 10. Aliponea chupuchupu, mwaka 2015 gavana Chris Christie akampa msamaha. Hakuwa amefyatua hata risasi moja.

Kwetu Tanzania bastola yenye leseni haigeuki haramu kwa sababu basi limetoka Morogoro likaingia Dodoma. Marekani, sheria ya jinai kwa sehemu kubwa ni ya jimbo. Leseni ya udereva ya jimbo moja kwa kawaida inakubalika kote, lakini kibali cha bastola hakina heshima hiyo: kila jimbo huamua litambue vya nani. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 siku hizi hayadai kibali kabisa kwa mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria. New Jersey haimo.

Sasa tuseme umevamiwa kwenye maegesho huko, ukafyatua, mtu akafa. Utahukumiwa kwa sheria ya pale damu ilipomwagika, si ya kwenu ulikotoka. Florida, tangu 2005, haikulazimishi ukimbie kwanza ukiwa mahali unaporuhusiwa kuwa. New Jersey inadai: ukiwa nje ya nyumba yako, na unajua unaweza kuondoka salama kabisa, ondoka. Pennsylvania iko katikati. Tangu 2011 haikulazimishi kumkimbia mtu aliyekutolea silaha, ila kinga hiyo haimhusu anayeshika bastola kinyume cha sheria.

Wengi hujikwaa hapo, kwa kudhani mahakama ina swali moja tu. Yapo mawili: ulikuwa na haki ya kufyatua, na ulikuwa na haki ya kuwa na silaha yenyewe? Desemba 1984, Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne ndani ya treni ya chini ya ardhi jijini New York, akidai walitaka kumpora. Mwaka 1987 juri, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, ilimwachia mashtaka ya kujaribu kuua, ikamtia hatiani kwa bastola isiyo na kibali, naye akaenda jela. Kisha 1996, katika kesi ya madai, juri nyingine ikaamuru amlipe mmoja wa wale vijana, aliyekuwa amepooza, dola milioni 43.

Ipo sheria ya taifa ya 1986 inayomlinda msafiri, mradi silaha iwe halali anakotoka na anakokwenda. Masharti yake: bunduki iwe tupu, nayo na risasi zake viwe mahali pasipofikika kutoka kwenye viti, kwa kawaida kwenye buti. Gari lisilo na buti, vifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli, na kisanduku cha dashibodi hakihesabiki. Kwa maneno mengine, njia salama ya kuivusha ni ile inayoifanya isikufae kitu ukivamiwa njiani!

Kwa ndugu zetu wanaoishi huko kwa grini kadi kuna la ziada. Hatia ya kubeba bunduki kinyume cha sheria inatosha kumfukuzisha mtu nchini, hata kama hakumgusa yeyote. Suala hilo huamuliwa na hakimu wa uhamiaji, kwenye mahakama ambako serikali haikulipii wakili.